Barua kwa Mzee wa Koili: Bendi ya nyuzi mbili

Mwezi uliopita, nikimjibu msomaji aliyeuliza kama spika iliyonyeshewa inafaa kufungwa upya koili, ule uzi wa shaba unaoisukuma karatasi yake, niliteleza nikasema kwamba spika nikishaitengeneza huipima kwa kaseti ya Morphine, bendi ya roki ya Marekani. Mistari miwili tu. Juzi mhariri akanikabidhi bahasha ya kaki imetuna, na simu yangu nayo haikupumzika. Kumbe wapo wanaoipenda bendi hii Mbale, Malaba, Masaka, Gulu, na kila mmoja alijiona yuko peke yake Uganda nzima. Basi maswali ya ampu na nyaya yasubiri mwezi ujao. Aliyeniandikia kuhusu sabufa inayonuka moshi asisubiri: ndugu yangu, izime.

*Mzee, mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Mbale. Ulipoisifu Morphine nikaitafuta kwenye simu. Nasikia mtu ananong'ona, ngoma kwa mbali, na kitu kama nzi aliyefungiwa ndani ya chupa. Watu wanapenda nini hapo? Na gitaa liko wapi?*

Mwanangu, hujaisikia Morphine. Umeisikia simu yako.

Gitaa halipo, kwa hiyo hilo usilitafute. Bendi ilianza 1989 huko Cambridge, Massachusetts, mji uliopakana na Boston. Walikuwa watu watatu. Mark Sandman aliimba na kupiga besi yenye nyuzi mbili tu, akiteleza juu yake kwa slaidi, kipande cha chuma au kioo kinachovaliwa kidoleni. Dana Colley alipuliza saksafoni, hasa baritoni, ile kubwa ambayo shingo yake imejikunja juu kama mkonga wa tembo. Ngoma mwanzoni zilikuwa za Jerome Deupree, kisha Billy Conway. Sasa tazama: besi iko chini, baritoni iko chini, na sauti ya Sandman yenyewe ni ya mtu anayeongea saa nane za usiku akiogopa kuamsha watoto. Bendi nzima imehamia ghorofa ya chini. Yeye mwenyewe aliuita muziki huo roki ya chini.

Uzi mnene wa besi ya kawaida hutikisika mara 41 kwa sekunde. Noti ya chini kabisa ya baritoni ni kama mara 65. Kusukuma hewa taratibu namna hiyo kunataka karatasi ya spika yenye upana, na yenye nafasi ya kwenda mbele na kurudi nyuma. Spika ya simu yako inazidiwa ukubwa na ukucha wa dole gumba. Ile sauti yenyewe haiitoi kabisa; inatoa makombo ya juu yake, halafu sikio lako, kwa huruma, linabuni iliyobaki. Wimbo wenye gitaa na kinanda utavumilia dhuluma hiyo, kwa sababu una vitu vingi vya juu. Morphine ukiwakata chini hawana kwa kukimbilia. Ndiyo huyo nzi wako.

Fanya hivi. Tafuta mtu mwenye sabufa nzima, au azima vipokea sauti vya masikioni vinavyoziba sikio vizuri. Weka albamu yao ya 1993, Cure for Pain. Kuna kipande kifupi cha saksafoni cha kufungulia, kisha unakuja wimbo unaoitwa Buena, na besi inaingia peke yake. Usiongeze sauti. Weka kiganja juu ya meza iliyobeba spika. Hapo kiganjani ndipo penzi letu lilipo.

*Mzee wa Koili, sina swali. Mimi ni dereva wa lori, Malaba kwenda Kampala, wakati mwingine hadi Goma. Nilipewa flashi na turniboi wangu wa zamani, nyimbo mia tatu zimechanganyika, na humo mlikuwa na tatu za hao jamaa. Mwaka mzima sikujua wanaitwaje. Nilikuwa naziita nyimbo za msitu wa Mabira, kwa sababu zilizoea kunikuta Mabira usiku. Injini ya lori inanguruma chini na wao wananguruma chini, hawagombani. Nyimbo nyingine lazima nifungue sauti mpaka kichwa kiume. Hizi hapana. Nilitaka tu mtu ajue.*

Dereva, nimejua. Na umesema jambo ambalo mimi fundi wa spika sikuwahi kulifikiria miaka yote hii. Endesha polepole hapo Mabira.

*Assalamu alaikum. Mimi ni mama wa watoto watano, Bombo. Kijana wangu wa pili anasikiliza hao watu uliowataja na jina lao ni la dawa ya kulevya. Nimemkataza, akaniambia hata Mzee wa Koili anawapenda. Wewe ni mtu mzima, unafundisha vijana nini?*

Waalaikum salaam, Hajati. Umeniuliza kwa haki, nami nitajibu kwa urefu kidogo.

Jina kwanza. Sandman alipoulizwa alisema chanzo chake ni Morpheus, mungu wa ndoto katika hadithi za Wagiriki wa kale, na dawa yenyewe nayo ilipewa jina kutoka huko huko. Unaweza usimwamini, wanamuziki ni watu wa maneno. Mimi nilimwamini nusu.

Lakini Hajati, hapa kwetu neno hilo lina hadithi nyingine, na hiyo nimeiona kwa macho. Mwaka 2006 kaka yangu mkubwa alirudi nyumbani na kansa ya ini. Tulishazunguka. Hospitali moja ilitupa vidonge vya kichwa, vile vile unavyonunua dukani, na kumwambia ajikaze. Alikuwa analala ameuma shuka. Siku moja akaja muuguzi wa hospisi, wale wanaotunza wagonjwa wasiopona, kwa pikipiki, mama mfupi mwenye koti la mvua, akatoa mkobani chupa ya plastiki iliyojaa maji ya kijani. Ilikuwa mofini ya kunywa, yaani hiyo hiyo morphine. Akampimia mililita tano kwa sirinji isiyo na sindano. Kaka akakunja uso, maana ni chungu vibaya sana. Tukaambiwa kila baada ya saa nne, na ile ya kulalia ni dozi mbili kwa pamoja ili usingizi usikatwe, na asikose dawa ya kulainisha choo hata siku moja. Hilo la choo alilirudia mara tatu, akinitazama mimi.

Baadaye nilikuja kujua mengine. Kwamba Hospice Africa Uganda ilianzishwa Kampala 1993. Kwamba dawa hiyo hutengenezwa hapa hapa nchini, unga unachanganywa na maji, na hutiwa rangi ili mtu asikosee chupa nyepesi akachukua kali. Kwamba tangu 2004 sheria yetu inamruhusu muuguzi aliyefunzwa kuandika mofini mwenyewe, jambo ambalo Uganda ilitangulia nalo, na ndiyo maana yule mama wa pikipiki hakuhitaji kutuambia tumsubiri daktari.

Kaka alisoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa, akacheka. Ilikuwa wiki nyingi hajacheka. Akasema, "Si hii bendi yako? Kumbe siku hizi wanauzwa kwa mililita." Jioni, maumivu yaliposhuka, akaniagiza nilete redio kaseti. Miaka yote nilipokuwa nikipiga kaseti ile alikuwa akinifukuza barazani. Tukaisikiliza upande wa kwanza mzima. Cure for Pain, maana yake dawa ya maumivu. Nayo ilitoka 1993, mwaka ule ule wa hospisi. Hawakujuana, wala sidai kuna siri yoyote. Ila mimi siwezi tena kuvitenganisha.

Kaka aliondoka baada ya wiki saba, hana shuka mdomoni.

Kwa hiyo sitamwambia kijana wako akuvunjie amri. Mama ni mama. Ninachokuomba, siku moja kaa naye, msikilize pamoja wimbo mmoja, halafu uamue. Kama ukikataa hata hapo, mwambie Mzee wa Koili amesema atii.

*Mzee, mimi mwalimu wa sekondari Masaka. Rafiki zangu wanaopenda roki wananicheka. Wanasema roki bila gitaa ni chai bila majani. Nawajibuje?*

Mwalimu, wewe uko Masaka na unakosa jibu? Waulize hao rafiki zako kama wanakula karanga au wanaishi juu ya mawingu.

Ardhi unayokanyaga imezaa endingidi. Uzi mmoja, upinde mmoja, na kisanduku cha mviringo kilichofunikwa ngozi ya kenge. Mzee wa kijijini akikaa nayo penye harusi, hakuna mtu anayesimama kuuliza nyuzi nyingine zimekwenda wapi. Halafu kuna kadongo kamu, muziki wa hadithi wa Waganda. Tafsiri jina hilo: kagitaa kamoja tu. Paulo Kafeero, aliyetuacha 2007, aliweza kukuweka kitini muda mrefu kwa hadithi, besi na kagitaa, na ukitoka hapo unajua familia nzima ya mtu aliyeimbwa. Sisi hatukuhitaji Mmarekani atufundishe kwamba uchache unatosha. Labda ndiyo sababu Morphine iliponiingia haikubisha hodi.

Tofauti ni hii, na hapa nitawapa rafiki zako nusu pointi. Mzee wa endingidi ameukuta uzi mmoja, babu yake aliukuta mmoja. Sandman alizaliwa 1952, alikulia penye magitaa tele, na kabla ya Morphine alikuwa katika bendi ya bluuzi iliyoitwa Treat Her Right. Alikuwa navyo akaviweka chini. Hakuishia kwenye nyuzi mbili: alikuwa na ala ya uzi mmoja aliyoiita unitar, na nyingine ya tatu, tritar, yenye nyuzi mbili za gitaa na moja ya besi. Mtu anayehesabu nyuzi hivyo si mtu aliyepungukiwa.

Na uwaambie wasidhani saksafoni pale ni pambo. Sisi tumelelewa na bendi ya Afrigo ya Kampala, Moses Matovu anapuliza tangu 1975, tunajua saksafoni inavyoweza kuibeba bendi mgongoni. Colley anafanya kazi ya gitaa la risimu, la solo, na wakati mwingine ya kinanda pia. Kuna nyakati anatia saksafoni mbili mdomoni kwa pamoja na kuzipuliza zote. Nilipoona picha nilidhani ni mchezo wa mpiga picha.

Mimi mwenyewe nimelipia somo hili. Miaka ya nyuma nilipiga besi katika bendi ya hoteli moja hapa Jinja. Mpiga gitaa wetu akapata kazi Juba, akaondoka Alhamisi bila kuaga, na Ijumaa tuna shoo. Tukabaki besi, saksafoni na ngoma. Nikawaambia wenzangu, tulieni, kuna bendi kubwa duniani inapiga hivi. Tukapiga. Watu walicheza, wallahi walicheza, mpaka mpishi akatoka jikoni na mwiko. Mwisho wa mwezi meneja akatukata robo ya malipo, ameandika kabisa kwenye vocha: gitaa halikuwepo.

*Mzee, nipo Gulu, nina besi ya Kichina ya nyuzi nne. Nataka kuipiga kwa nyuzi mbili kama Sandman. Nianzie wapi bila kuiharibu?*

Ukiwa na subira, hutaiharibu. Mimi niliharibu, ndiyo maana nakufundisha.

Toa nyuzi zote nne. Rudisha mbili tu. Mimi hutumia ule wa A na ule wa D, na huzifunga kwenye sauti hizo hizo, ila wengine wana mapishi yao. Ukipunguza nyuzi, mvuto kwenye shingo hupungua, na shingo inaweza kujipinda kwa nyuma baada ya siku chache. Kwa hiyo legeza kidogo kile chuma cha ndani ya shingo, robo mzunguko, ngoja kesho, kisha tazama. Usikizungushe kwa hasira.

Halafu inua nyuzi. Slaidi haikanyagi, inaelea. Nyuzi zikiwa chini, kioo au chuma kitagonga freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, na utapata kelele ya sufuria. Chonga kipande cha mfupa wa ng'ombe, wa buchani tu, uliochemshwa na kukaushwa, kirefu kuliko kile cha plastiki kilichopo pale kichwani mwa shingo, ukibadilishe. Kile cha zamani kiweke kwenye kiberiti, siku moja utakitaka.

Slaidi yenyewe: shingo ya chupa ni nzuri ila kuikata kunataka ujuzi, na kidole changu cha pete kina kovu la kuthibitisha. Nenda kwa mafundi wa magari uombe soketi ndefu ya namba 18 au 19, ile inayoingia kidoleni bila kubana. Chuma kizito kinafaa besi. Iweke juu kabisa ya freti, si katikati ya freti mbili kama unavyoweka kidole, maana pale juu ya chuma ndipo sauti ilipo sawa. Vidole vilivyo nyuma ya slaidi vilaze juu ya nyuzi vizime mlio wa ziada. Hicho ndicho wanaoanza wanachosahau, wakabaki kulia kama lango lenye kutu.

Kosa langu lilikuwa hili: besi haikuwa yangu. Ilikuwa ya kanisa moja mjini, mimi nilikuwa natunza vyombo vyao. Nikaichukua Jumatano nifanye majaribio, nikaufungua moyo wangu pamoja na shingo ya besi, na Jumamosi ya Pasaka usiku kiongozi wa kwaya akaja kuichukua. Akaikuta ina nyuzi mbili na mfupa. Nyuzi nyingine mbili nilizikata kwa papara na duka la vyombo limefungwa. Walimfufua Bwana asubuhi ile kwa nyuzi mbili. Nyimbo zilikwenda, mpiga besi alikuwa kijana hodari, ila mimi nilikaa benchi la nyuma karibu na mlango, na funguo za stoo nikazirudisha Jumatatu.

*Mzee, tunapiga adungu, kinubi chetu, hapa Pakwach, mimi napiga ile kubwa ya besi. Wale jamaa wako bado wanapiga? Wanaweza kuja Uganda?*

Mpiga adungu, karibu. Wewe ndiye uliyestahili kuandika safu hii, si mimi.

Habari si njema. Tarehe 3 Julai 1999, wakiwa jukwaani Palestrina, mji mdogo karibu na Roma, Sandman alianguka mbele ya watu. Moyo. Alikuwa na miaka 46, na bendi ikaishia pale. Albamu ya tano, The Night, waliyokuwa wameshairekodi, ilitoka mwaka 2000, na humo wapiga ngoma wote wawili, Deupree na Conway, wanasikika. Ya nne, Like Swimming ya 1997, ilikuwa imetoka chini ya DreamWorks, kampuni yenye pesa, lakini hata hapo walibaki bendi ya watu wachache wenye msimamo. Conway naye alifariki 2021. Colley na Deupree baadaye waliungana na Jeremy Lyons, wakajiita Vapors of Morphine, mvuke wa Morphine. Nimewasikia. Wanapiga vizuri na kwa heshima, hawajifanyi kuwa yeye.

Mimi habari za kifo zilinifikia miezi minane baadaye. Kaseti nilipewa 1998 na kijana mmoja wa watalii wa maboti ya mpira, pale maporomoko ya Bujagali kabla maji ya bwawa hayajayafunika. Nilikuwa nimemtengenezea redio iliyoanguka majini, hakuwa na chenji, akanipa kaseti. Mwaka 2000 akapita tena, nikamuuliza hao jamaa wametoa nini kipya. Akakaa kimya kidogo. Kisha akanisimulia, sisi wawili tumesimama juu ya mwamba, na maji yale yalikuwa na kelele kiasi kwamba ilibidi anipigie ukelele sikioni ili nisikie kwamba mtu amekufa.

Ukitaka jambo la kufanya, chukua adungu yako kubwa, ifundishe kipande cha wimbo wa Thursday, ule wa kwenye albamu ya 1993, utafute mwenye saksafoni. Ukinitumia rekodi, nitaipitisha kwenye spika yangu kubwa kuliko zote.

*Mzee, niko Ntinda, Kampala. Naomba kuazima hiyo kaseti wiki moja tu nirekodi.*

Haiazimwi. Mkanda umeshakatika mara mbili, nimeuunga kwa gundi ya karatasi, na karibu na mwisho wa upande wa pili saksafoni inaruka kama mtu aliyekanyaga shimo. Njoo Jinja, karakana iko nyuma ya soko, uliza fundi wa koili. Jumapili mchana sina kazi. Chai ipo. Betri kubwa njoo nazo mwenyewe, sita, maana umeme wa huku na mimi hatusalimiani.